Kwa nini flashi huandika polepole, na jinsi ya kutambua chanzo chake

Kunakili faili kwenye flashi ni kazi inayotarajiwa kumalizika kwa dakika chache, lakini mara nyingi hugeuka kuwa subira ya nusu saa au zaidi. Wapo wanaoilaumu kompyuta, na wapo wanaoitupa flashi na kununua nyingine. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, lipo jaribio moja rahisi linaloweza kuonyesha ucheleweshaji unatoka wapi. Mara nyingine jaribio hilo huokoa data zilizokuwa zinakaribia kupotea.

Katika miji mingi ya kanda yetu, kuanzia Bujumbura na Kigali hadi Goma, flashi ingali bahasha ya kusafirishia mambo. Mwanafunzi huipeleka tasnifu yake kwenye duka la kuchapisha, mpiga picha humkabidhi bwana harusi video ya sherehe, na dereva huenda kujaziwa nyimbo za kusikiliza njiani. Intaneti imeenea, lakini kupandisha gigabaiti 10 mtandaoni kunagharimu fedha, ilhali flashi haihitaji bando.

Tuchukue hiyo video ya harusi, na tuseme ina gigabaiti 10. Flashi inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itaipokea kwa muda usiofika dakika 2. Inayoandika megabaiti 30 kwa sekunde itahitaji dakika 5 na nusu hivi. Ile inayoandika megabaiti 5 itachukua zaidi ya nusu saa, na hapo tunahesabu kwamba umeme haujakatika. Flashi zote tatu zinaweza kuwa na ukubwa uleule, rangi ileile, na hata maneno yaleyale kwenye pakiti.

Pakiti inasema nini

Pakiti nyingi huandikwa kwamba kasi ni "hadi" megabaiti kadhaa kwa sekunde. Neno hilo dogo la "hadi" ndilo linalobeba mzigo wote. Kasi inayotajwa kwa kawaida ni ya kusoma, yaani kutoa data kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta. Kasi ya kuandika, ambayo ndiyo humchosha mtumiaji, mara nyingi haitajwi kabisa. Flashi inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde inaweza kuandika megabaiti 20 tu, na mtengenezaji hatakuwa amesema uongo.

Alama ya USB 3.0 nayo husomwa vibaya. Hilo ni jina la barabara, si la gari. Mfumo wa USB 2.0, uliotolewa mwaka 2000, una uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hiyo ni sawa na megabaiti 60 kwa hesabu ya karatasi, na kwa matumizi halisi ni kati ya 30 na 40. USB 3.0, iliyokuja mwaka 2008, ilipanua barabara hiyo hadi gigabiti 5 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi. Lakini gari bovu likipelekwa kwenye barabara pana halipati injini mpya. Zipo flashi zenye alama ya 3.0 ambazo kuandika kwake hakufikii hata uwezo wa USB 2.0.

Kinyume chake pia hutokea: flashi nzuri huchomekwa kwenye tundu la zamani. Matundu ya USB 3.0 mara nyingi huwa na plastiki ya buluu ndani, ingawa si watengenezaji wote wanaofuata desturi hiyo. Dalili ya uhakika zaidi ni pini: USB 2.0 ina pini 4, USB 3.0 ina 9. Msomaji asibabaishwe na majina ya USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1. Barabara ni ileile ya gigabiti 5, iliyobadilishiwa jina mara mbili.

Jaribio la faili moja kubwa

Hatua ya kwanza si jaribio lenyewe. Ni kunakili kila kitu cha thamani kilichomo kwenye flashi na kukiweka mahali pengine. Kusoma hakuichoshi flashi kama kuandika, na chombo kilichoanza kuharibika hakistahili kujaribiwa kikiwa kimebeba nakala pekee ya tasnifu ya mtu.

Baada ya hapo, tafuta faili moja kubwa, kwa mfano filamu yenye gigabaiti 2 au 3, iliyomo ndani ya diski ya kompyuta yenyewe. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye kompyuta, bila waya wa kurefusha wala kigawanyio cha matundu, kisha nakili faili hilo na utazame. Tangu Windows 8, dirisha la kunakili linaweza kufunguliwa zaidi likaonyesha mchoro wa kasi unavyopanda na kushuka. Mchoro huo ndio ushahidi tunaoutafuta, na umbo lake husema mengi kuliko namba.

Ukiwa mstari ulionyooka kwenye megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, flashi huenda haina tatizo lolote. Ni tundu la USB 2.0 lililofika kikomo chake. Jaribu tundu jingine. Kwenye kompyuta za mezani, matundu ya nyuma yaliyoungwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu huwa bora kuliko ya mbele, ambayo hupitia waya wa ndani.

Ukiwa umenyooka lakini chini kabisa, kwenye megabaiti 1 kwa sekunde au karibu na hapo, kuna uwezekano kompyuta na flashi zimeshindwa kuelewana na zimerudi kwenye mwendo wa USB ya awali, wa megabiti 12 kwa sekunde. Tundu lenye vumbi au kutu, waya mbovu, au kigawanyio cha bei ya chini huweza kuleta hali hiyo. Safisha, chomoa, chomeka upya, jaribu kompyuta nyingine. Kama mwendo ni uleule kila mahali, kosa ni la flashi.

Ukianza juu, megabaiti 80 au 100, kisha baada ya gigabaiti kadhaa ukaporomoka ghafla na kubaki chini, hiyo ndiyo tabia ya flashi nyingi za siku hizi. Inahitaji maelezo marefu kidogo, nayo yanafuata hapa chini. Faili la jaribio likiwa dogo mno, mporomoko huo hautaonekana.

Na ukiwa kama meno ya msumeno, unapanda, unashuka hadi sifuri, unasimama sekunde kadhaa na kupanda tena, inawezekana flashi imejaa, imechoka, au inakaribia kufa.

Kitalu cha miche

Ili kuelewa mporomoko ule, ni lazima tuingie ndani ya chombo chenyewe. Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa Japani na mhandisi Fujio Masuoka alipokuwa kwenye kampuni ya Toshiba. Aina ya kwanza aliiwasilisha hadharani mwaka 1984, na ile ya NAND, ambayo ndiyo hutumika kwenye flashi za leo, ikafuata mwaka 1987. Jina la flash lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa sababu kufutika kwa data kwa mkupuo kulimkumbusha mwako wa taa ya kamera. Kwa hiyo jina tunalolitamka kila siku linahusu kufuta, wala si kuhifadhi, na katika kufuta huko ndimo ulimo ugumu wetu.

Data hukaa kwenye seli ndogo sana kama chaji ya umeme. Kuisoma seli ni kupima tu kiasi cha chaji kilichomo. Kuiandika ni kazi nzito zaidi: chaji husukumwa kwa nguvu kupenya utando mwembamba usiopitisha umeme, kidogo kidogo, huku kidhibiti kikipima baada ya kila msukumo kuona kama kiwango kimefikiwa. Kusoma ukurasa mmoja wa data huchukua makumi ya maikrosekunde. Kuuandika huchukua mamia, na wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Hapo pekee tayari kuna sababu ya kuandika kuwa polepole kuliko kusoma.

Ila si hiyo tu. Seli iliyokwisha kuandikwa haiwezi kuandikwa tena mpaka ifutwe kwanza, na haifutwi peke yake. Kurasa hukusanywa katika vitalu, na kitalu hufutwa chote kwa pamoja. Mkulima ataelewa upesi. Miche unaweza kuipanda mstari mmoja mmoja, lakini tuseme kung'oa kunaruhusiwa kwa kitalu kizima tu. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja, ni lazima kwanza uihamishe miche yote mizuri iliyobaki kwenye kitalu kingine, ndipo ung'oe na kupanda upya. Kazi ya mstari mmoja imekuwa kazi ya shamba. Ndani ya flashi, badiliko la kilobaiti 4 tu linaweza kulazimisha kitalu chenye megabaiti kadhaa kihamishwe, na mtumiaji aliye mbele ya skrini haoni chochote isipokuwa mstari wa kijani uliosimama.

Kidhibiti hujitahidi kuepuka usumbufu huo kwa kupeleka data mpya kwenye vitalu vilivyo wazi na kuacha kung'oa kwa baadaye. Vitalu vilivyo wazi vikiwa vingi, mambo huenda vizuri. Flashi ikijaa karibu yote, hakuna pa kuhamishia, na kila hatua hungoja nyingine. Ndiyo maana flashi iliyoachiwa nafasi, tuseme sehemu moja ya kumi au zaidi, huandika kwa wepesi kuliko iliyojazwa pomoni.

Kuna na suala la bei. Zamani kila seli ilibeba biti moja, yaani viwango viwili tu vya chaji: ipo au haipo. Ili kupata nafasi kubwa kwa fedha kidogo, watengenezaji walianza kubebesha seli moja biti 2, kisha 3, na sasa hata 4. Biti 3 zinahitaji viwango 8 vinavyotofautishwa, biti 4 zinahitaji 16. Ni kama kumimina maji kwenye kikombe chenye alama 16 badala ya 2; utamimina taratibu, utaangalia, utamimina tena. Nafasi imeongezeka na bei imeshuka, lakini kasi ya kuandika na maisha ya seli vimelipia gharama hiyo.

Kuficha ulegevu huo, flashi nyingi hutenga sehemu ya seli na kuziandika kwa mtindo wa zamani wa biti moja. Sehemu hiyo ni kama baraza ya nyumba. Mizigo inayofika hutuliwa barazani upesi, halafu wenyeji huiingiza ghalani kwa nafasi yao. Ukileta magunia machache, utasifu wepesi wa wenyeji. Ukileta lori zima, baraza itajaa, na tangu hapo kila gunia jipya litangoja la awali liingizwe ndani. Huo ndio mporomoko unaoonekana kwenye mchoro. Flashi yenye tabia hiyo si mbovu. Imetengenezwa hivyo, na hakuna programu wala fundi wa kuibadilisha. Kinachosaidia ni kunakili kwa mafungu, na kuiacha ikiwa imechomekwa kwa dakika kadhaa kati ya fungu na fungu.

Zile flashi ndogo mno, zinazokaribia kufichika ndani ya tundu, zina shida ya ziada ya joto. Hazina mahali pa kulitolea, na baadhi hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue.

Picha elfu ishirini

Kuna hali ambapo faili moja kubwa linapita vizuri kabisa, lakini folda ya picha au nyaraka yenye ukubwa uleule inatambaa kama konokono. Hapa tundu halihusiki, na flashi pengine ni nzima. Tatizo ni idadi.

Kila faili linaloandikwa huambatana na kazi za ukarani: jina lake huingizwa kwenye orodha ya folda, mahali lilipowekwa huandikwa kwenye jedwali, tarehe na ukubwa hujazwa. Hayo ni maandishi madogo madogo, yaliyotawanyika, na tumekwisha kuona jinsi badiliko dogo linavyoweza kuvuruga kitalu kizima. Kwa mafaili 20,000, ukarani huo hurudiwa mara 20,000. Programu ya kuzuia virusi nayo huenda ikasimamisha kila faili mlangoni na kulikagua. Katika mazingira ambamo flashi moja hupita kwenye kompyuta za maduka matatu kwa siku, sishauri mtu aizime programu hiyo kwa ajili ya kuokoa dakika chache.

Dawa ni rahisi, na ajabu ni kwamba watu wachache huitumia. Fungasha folda nzima kuwa faili moja la zip ukiwa bado kwenye diski ya kompyuta, kisha nakili faili hilo moja. Picha hazitapungua ukubwa kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu zimekwisha kubanwa tangu kwenye kamera, lakini kupunguza ukubwa silo lengo. Lengo ni kugeuza safari 20,000 kuwa safari moja. Ni folda ya mwaka mzima ya shule, ya parokia au ya msikiti inayonufaika zaidi na mbinu hii.

Mstari unaosema kazi imekwisha

Kunakili hakuishi pale mstari unapofika mwisho. Mifumo ya kompyuta hupenda kupokea data za kwenda kwenye flashi na kuziweka kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, kisha kuzisukuma polepole. Kwenye Linux tabia hii ni bayana sana: faili kubwa huonekana limenakiliwa kwa sekunde chache, mstari unasimama kwenye asilimia 100, na taa ya flashi inaendelea kupepesa kwa dakika nyingi. Anayeichomoa wakati huo huondoka na faili lenye jina na ukubwa sahihi, lakini ndani yake halijakamilika. Amri ya "sync" kwenye Linux hungoja hadi kila kitu kiwe kimefika kweli, na amri ya kuondoa kifaa kwa usalama hufanya kazi hiyohiyo kwenye mifumo yote.

Microsoft, tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2018, iliamua kwamba flashi zitumie kwa kawaida mpango wa kuchomolewa upesi, ambao hauziachi data zikingoja kwa muda mrefu kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kasi inayoonyeshwa huwa ndogo lakini ya kweli zaidi. Unaweza kwenda kwenye mipangilio ya kifaa na kuchagua mpango wa utendaji bora, na huenda mafaili madogo yakaenda kwa wepesi zaidi. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, ningeuacha mpango wa kawaida ulivyo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, jedwali la mafaili linaweza kuharibika, na hapo hupotei faili moja tu.

Kufomati, na yasiyosaidia

Ushauri wa kwanza ambao fundi wa mtaani hutoa ni kufomati. Wakati mwingine una mantiki, lakini kufomati hufuta kila kitu, na hakugeuzi seli za biti 3 kuwa za biti moja. Kunachoweza kufanya ni kusafisha jedwali lililovurugika na kubadilisha mfumo wa faili.

FAT32 ndio mfumo unaokubalika na vyombo vingi, zikiwemo redio za magari na televisheni za zamani, lakini haupokei faili linalofikia gigabaiti 4. Ukijaribu kuweka filamu kubwa utakataliwa ingawa nafasi ipo tele, na wengi hudhani flashi imeharibika. exFAT, ulioletwa na Microsoft mwaka 2006 kwa ajili ya kumbukumbu za aina hii, hauna kizuizi hicho na ndio ninaoupendekeza kwa mafaili makubwa. NTFS hutunza kumbukumbu za ziada za kila badiliko. Hilo ni jema kwa usalama wa diski ya ndani, lakini kwenye flashi huongeza maandishi madogo ambayo ndiyo tunayajaribu kuyaepuka. Unapofomati, chagua njia ya haraka. Njia kamili ya Windows huandika flashi nzima kutoka mwanzo hadi mwisho na kuichosha bila faida.

Kuna jambo jingine la kukataa kwa upole, nalo ni kupanga upya vipande vya mafaili. Zoezi hilo liliwafaa watumiaji wa diski zenye sahani zinazozunguka, ambapo sindano ilibidi itembee kufuata vipande. Ndani ya flashi hakuna kinachotembea. Kupanga upya huongeza maandishi, na kila maandishi hupunguza umri.

Kwa wanaonakili kutoka kwenye simu kwa kutumia kiunganishi, wajue kwamba simu nyingi, zikiwemo zenye tundu jipya la USB-C, zina uwezo wa USB 2.0 ndani yake. Umbo la tundu halisemi kasi. Jaribio la faili moja lifanyike kwenye kompyuta kabla flashi haijahukumiwa.

Ulegevu unapokuwa onyo

Utando ule mwembamba tuliouzungumzia huumia kidogo kila chaji inapopenyezwa. Seli za biti moja zilivumilia kufutwa kiasi cha mara 100,000. Za biti 3 huvumilia mara elfu moja au elfu chache. Seli zikianza kushindwa kushika kiwango, kidhibiti hurudia kuandika, hurekebisha makosa, hutafuta kitalu kingine, na muda wote huo kompyuta inangoja. Flashi iliyokuwa ikiandika megabaiti 20 kwa sekunde mwaka jana na leo inaandika 2 kwenye tundu lilelile, ikisimama na kuanza tena, inajaribu kusema kitu. Nyingine hufikia hatua ya kujifunga: zinasomeka lakini hazikubali kuandikwa tena, na kompyuta hudai kwamba zimezuiwa. Hiyo si laana wala kirusi. Mara nyingi kidhibiti kimeamua kuzilinda data zilizobaki. Zitoe data hizo siku hiyohiyo, na usiitumie tena kwa jambo la maana.

Aina ya mwisho ya ulegevu ni mbaya zaidi kwa sababu huja na flashi mpya kabisa. Ni bidhaa bandia. Mdanganyifu huchukua kumbukumbu ya gigabaiti 8 au 16, hubadilisha maelekezo ya kidhibiti, na kuifanya ijitambulishe kwa kompyuta kuwa ina gigabaiti 512 au hata terabaiti 2. Windows itaonyesha nafasi hiyo yote bila kushuku. Mafaili ya kwanza yataingia na kufunguka vizuri. Nafasi ya kweli ikiisha, data zinazofuata zitatupwa au zitaandikwa juu ya zile za mwanzo, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana yote, kwa kuwa jedwali la majina hukaa mwanzoni mwa flashi. Mnunuzi hugundua ameuziwa mbuzi kwenye gunia siku anapofungua video ya harusi, wakati kadi ya kamera imekwisha kufutwa na kutumika kwenye harusi nyingine.

Upungufu mdogo wa nafasi usichanganywe na udanganyifu huo. Flashi halali ya gigabaiti 64 huonekana kwenye Windows kama 59 na pointi kadhaa, kwa sababu mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa bilioni kamili, na Windows huhesabu kwa vizidishi vya 1,024.

Kwa anayetaka uhakika, zipo programu zisizolipiwa zinazojaza flashi nzima kwa data za majaribio kisha kuzisoma tena na kulinganisha. Kwenye Windows inayofahamika zaidi ni H2testw, iliyotoka kwa jarida la kompyuta la c't la Ujerumani. Kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote mbili hutoa pia kasi halisi ya kuandika na ya kusoma, kwa hiyo zinajibu maswali mawili kwa mara moja. Kufanya jaribio kamili ni kazi ya subira: flashi ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itahitaji karibu saa 1 na dakika 47 za kuandika peke yake, kabla ya kusoma. Lifanye flashi ikiwa tupu, mara tu baada ya kuinunua, na stakabadhi uwe bado unayo. Programu ikitoa ripoti ya makosa, hifadhi picha ya ripoti hiyo uirudishe pamoja na flashi dukani. Muuzaji wa reja reja mara nyingi naye aliletewa mzigo bila kuupima, na ripoti yenye namba humsaidia kudai kwa aliyemuuzia.